Maji Juu ya Gurudumu

Jumatatu, 10 Januari 1955

Leo Bwana Hallam amefunga bomba la karakana na kulitia kufuli, utadhani maji ni pombe na sisi ni walevi. Ati ukame. Ukame gani huo unaoiona karakana na hauioni bustani? Nilipopita asubuhi maua ya mke wake, memsabu, yalikuwa yanamwagiliwa, na udongo wake ulikuwa mweusi kwa kulowa.

Ninaandika kwa sababu nikimwambia Wasike ananiambia ninyamaze. Wasike ni mume wangu, baba wa binti yetu Nekesa. Ni mkata vito katika karakana ya Bwana Hallam hapa Nakuru, nyuma ya maduka ya Wahindi. Wanakata akiki, mawe ya zambarau, na lile jiwe jeusi la kioo linalotoka Naivasha, nayo yanatiwa kwenye pete na vipini vya nguo vya kuuzia wageni hotelini. Jiwe linagandishwa kwa lakiri kwenye ncha ya kijiti, kisha linasagwa juu ya gurudumu linalozunguka. Juu ya kila gurudumu kuna kopo lenye tundu, maji yadondoke tone kwa tone, jiwe lisipate moto na vumbi lisiruke. Sasa maji hakuna. Kuna vumbi la jiwe, na kuna mapafu ya mume wangu, ambaye tangu Krismasi anakohoa kikohozi kikavu kisicholeta kitu.

Sisi wake wa wakataji ndio tunaong'arisha. Kazi hiyo tunaifanyia nyumbani, mtaani kwetu Bondeni, kwa kipande cha ngozi na ule unga mweupe wa udongo unaochimbwa Kariandusi, uliokorogwa na maji. Jiwe likifika kwetu ni kokoto tu. Likitoka kwetu ndipo wanawake wa Kizungu wanaliinua kwenye mwanga na kusema ni zuri. Hakuna aliyewahi kutuita mafundi.

Alhamisi, 13 Januari

Upepo kutoka ziwani. Ziwa limekauka nusu, na vumbi la magadi limeingia mpaka kwenye sufuria. Wasike hakumaliza chakula.

Jumatano, 19 Januari

Nimekwenda kwa Bwana Hallam. Jepkorir, mke wa Kipkoech, mkataji mwenzake Wasike, aliniambia nisiende, nitamfukuzisha Wasike kazi. Nilikwenda.

Nilimkuta barazani na chai yake. Nikamwambia, "Bwana, wanaume wanakula vumbi. Tunaomba ufungue maji."

"Maji kidogo sana, Mama," akasema. "Mvua hapana kuja. Ngoja mwezi ya nne."

"Na maua?"

Akacheka. Kweli alicheka! Akasema maua ni shauri ya memsabu. Kisha akaingia ndani akaniletea chupa ya dawa ya kifua, tamu, yenye picha ya mtoto mnene. Nilisema asante. Nilifika barabarani ndipo nikajiuliza nilikuwa namshukuru kwa nini. Anamsonga mtu shingo kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto anampa peremende.

Jumapili, 23 Januari

Kanisani Wasike alikohoa wakati wa sala mpaka mchungaji akasubiri. Watu waligeuka kutazama. Kwa nini wageuke?

Alhamisi, 27 Januari

Sijawahi kumpenda Fundi Kasam, Mhindi mzee anayewasimamia. Kiti chake kiko mlangoni, mgongo kwa magurudumu, uso nje, na amejifunga kitambaa mdomoni na puani siku nzima kana kwamba wanaume wetu wananuka. Leo nilipopeleka mawe nikamwuliza, mbele ya watu, kama harufu ya Waafrika inamsumbua sana.

Hakukasirika. Aliniambia niketi kwenye sanduku. Akaniambia kwao ni Khambhat, mji wa India ambao watu wake wamekata akiki tangu kabla ya mababu wa mababu zake. Kule akiki inaanikwa juani kwa miezi, kisha inazikwa kwenye vyungu vya udongo na kuchomwa kwa kinyesi cha ng'ombe mpaka ile rangi ya kahawia igeuke nyekundu. Shanga zao zilivuka bahari kuja Afrika kabla ya Mzungu yeyote kujua kuna Afrika. Nilikuwa nasikiliza kwa raha, sikatai. Nilidhani ananipigia hadithi ya sifa za kwao.

Ndipo akasema, "Mama, mtaa yetu iko na wanawake mengi. Wanaume hapana. Baba yangu alikufa kwa kifua, baba mdogo pia, kaka yangu pia. Jiwe inaingia ndani, haitoki. Sisi tunajua hii maneno zamani sana."

Nikainuka kwenye sanduku. "Na wewe umejua yote haya, ukajifunga kitambaa chako, ukakaa mlangoni, ukawaacha wetu?"

"Nilisema kwao. Uliza wao."

Mwongo. Angewaambia, Wasike angeniambia. Nimerudi nyumbani nikimlaani njia nzima, yeye na kitambaa chake.

Jumamosi, 5 Februari

Tumelimaliza jambo hili wenyewe. Zamani Mugure ndiye aliyeleta maji Bondeni kwa mkokoteni wa punda. Mwaka juzi askari walimpakia kwenye lori pamoja na Wakikuyu wengine wakampeleka Rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa Wakikuyu, na punda akabaki amefungwa pale pale akilia. Kwa hiyo hakuna wa kumlipa atusaidie. Mimi, Jepkorir, na Anyango, ambaye mumewe Omolo ni mkataji pia, tumeanza kubeba madebe ya maji kutoka mferejini kujaza pipa la karakana kila asubuhi. Bwana Hallam amekubali mara moja. Asingekubali vipi? Shingo si zake.

Hata hivyo nimefurahi. Nilimwona Fundi Kasam akilitazama pipa linajaa, nikamtazama nami kwa jicho la kumwambia: ona, tusio wa Khambhat tunajua kutunza wanaume wetu.

Ijumaa, 11 Februari

Tumebeba. Shingo imekaza. Upepo tena.

Ijumaa, 18 Februari

Leo tulipanda mlima kutoka sokoni, mimi na Wasike. Katikati ya njia akainama kufunga kiatu. Mbele kidogo akainama tena. Viatu vyake ni vya kuvaa tu, havina kamba.

Nilisimama natazama upande wa ziwa mpaka pumzi yake ikatulia, kisha tukaendelea, yeye akizungumza juu ya bei ya maharagwe. Mtu huyu alikuwa akinibeba mgongoni kuvuka mto kwao Kimilili tulipokuwa wachumba. Nimejawa na hasira, na sijui niielekeze wapi.

Alhamisi, 24 Februari

Kuna jambo silielewi. Jiwe likisagwa bila maji linapata moto, na moto unaacha alama nyeupe ndogo ndani yake, chini kidogo ya uso wake. Mkataji hawezi kuziona. Zinajitokeza kwenye kung'arisha tu, dakika za mwisho, jiwe linapoanza kuona mwanga. Sisi wanawake tunaziita chawa.

Tangu tuanze kubeba maji nilitarajia chawa waishe. Leo nimeng'arisha akiki za Wasike mchana kutwa chini ya shuka lililolowa, maana chembe moja ya vumbi la ziwani ikiingia kwenye ngozi inakwaruza kila kitu. Nne kati ya tano zina chawa. Nikamwita Jepkorir aje na za Kipkoech.

"Hata hii imeungua," akasema. "Na hii. Mama Nekesa, haya maji tunapeleka yanaenda wapi?"

Tumejua yanakwenda wapi. Yanakwenda kwenye maua ya memsabu. Tunavunjika shingo kumwagilia bustani ya Mzungu! Jumanne nitakwenda bila kubisha hodi, na nitakayemkuta na ndoo yetu atanijua mimi ni binti wa nani.

Jumanne, 1 Machi

Nimekwenda. Sasa ni alasiri, nimerudi.

Nilipitia nyuma, kwenye uzio uliobomoka. Nilianza na pipa. Lilikuwa limejaa hadi shingoni, hakuna aliyeligusa tangu asubuhi. Bustani ilikuwa kavu, bomba lake nalo limefungwa tangu wiki iliyopita kwa amri ya mji. Nikasimama pale na tusi langu mdomoni, nikikosa wa kumtukana.

Kisha nikachungulia dirishani. Magurudumu yote yalikuwa yanazunguka, na ndani kulikuwa na ukungu mweupe. Wasike alikuwa ameinama juu ya lake, nyusi nyeupe, masikio meupe, kama mtu wa kinu cha mahindi. Kopo lilikuwa limening'inia juu yake. Lilikuwa na maji, niliona yaking'aa. Na kwenye tundu palikuwa na kizibo cha mti, kimechongwa vizuri, kimelainishwa kwa kisu. Naijua kazi ya kisu ya mume wangu. Ndiye aliyechonga mwiko wangu.

Niliingia. Nikanyoosha mkono nikakichomoa kile kizibo, maji yakaanza kudondoka juu ya jiwe.

Wasike akaruka. "Wewe! Unafanya nini hapa?"

"Nani ameweka hiki?"

"Toka nje, Truphosa."

"Nauliza nani ameweka hiki!"

Magurudumu mengine yakaanza kusimama moja moja. Nikatazama huku na huku. Kopo la Kipkoech lilikuwa na kizibo. Kopo la Omolo lilikuwa na kizibo. Wote. Sisi tulikuwa tukijaza pipa, wao wakijaza makopo ili Fundi Kasam asiseme kitu, kisha wakiyaziba.

Omolo akacheka kidogo, kicheko cha aibu. "Shemeji, maji ni ya wanafunzi. Fundi wa kweli hakati na maji."

"Jiwe ikiwa na maji inang'aa yote," Kipkoech akasema, akinieleza taratibu kama mtoto. "Huwezi kuona mkwaruzo. Na ule uji ya vumbi na maji inafunika mstari ya kukata. Unakata ukikisia kisia. Kavu, unaona kila kitu."

"Na kifua?"

Wasike akasema, bila kunitazama, "Nimekata kavu tangu niwe fundi. Wageni wanauliza mawe ya Wasike kwa jina. Unataka nikate kama mtu wa kuosha vyombo? Mimi niliosha vyombo hotelini. Nilitoka huko."

Fundi Kasam alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake. Hakuniambia "nilikwambia." Alitikisa kichwa tu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuliona jambo hili katika mji mwingine.

Nilimwaga maneno pale ambayo siwezi kuyaandika, maana daftari hili ni la misheni. Nimemchukia Bwana Hallam tangu Januari, na alistahili, na bado anastahili, kwa sababu mtu anayefunga maji na kuuza mawe ambayo vumbi lake liko vifuani mwa watu hana la kujitetea. Lakini huyu wangu! Ninambebea maji kichwani alfajiri, na yeye anayaziba kwa kijiti alichokichonga akiwa ameketi nyumbani kwangu, karibu na moto wangu, labda nikimpigia hadithi. Na kwa nini? Ili mstari uonekane. Ili mgeni mmoja aseme, hili ni la Wasike.

Alhamisi, 3 Machi

Tumekutana kwangu, mimi, Jepkorir na Anyango. Anyango alilia kwanza, kisha akakasirika, na hasira yake ni bora kuliko machozi yake. Tumekubaliana: jiwe lenye chawa halitang'arishwa na mwanamke yeyote wa Bondeni. Tutalijaribu kidogo kwenye ngozi, tukiona chawa linarudi karakana kama lilivyokuja.

"Watatupiga," Anyango akasema.

"Wakitupiga nani atang'arisha?" Jepkorir akajibu. Nikamwona Jepkorir kwa macho mapya. Miezi yote nilidhani ni mwoga.

Jumatatu, 7 Machi

Tumerudisha mfuko mzima. Wasike amekula kwa Omolo.

Jumatano, 9 Machi

Tumerudisha mwingine. Vumbi la ziwani limejaa angani, jua halionekani.

Jumanne, 15 Machi

Bwana Hallam amekuja mwenyewe Bondeni kwa gari lake. Hajawahi kukanyaga hapa. Hoteli inataka mawe kabla ya Pasaka na yeye ana kokoto tu. Akasimama mlangoni kwangu, kofia mkononi, majirani wote wametoka kuchungulia.

"Mama, shauri gani hii? Mimi nampa bwana yako kazi mzuri."

"Lete mawe yaliyokatwa kwa maji, Bwana, utayapata yanang'aa kesho."

"Hiyo ni maneno ya bwana yako. Mimi hapana weka hiyo vizibo."

"Lakini uliviona."

Akaivaa kofia yake, ndipo nikajua alikuwa ameviona siku nyingi. Jiwe kavu linakwisha haraka, na Bwana Hallam anapenda haraka. Nikamwambia afungue bomba pia, maana shingo zetu zimechoka. Akasema atatafuta wanawake wengine. Nikamwambia awatafute, awafundishe unga wa Kariandusi unakorogwa namna gani, kisha aniletee salamu. Aliondoka na vumbi lake.

Wasike aliyasikia yote kutoka kwa wanaume. Amerudi jioni, akasimama katikati ya chumba na kusema, "Umenifanya nichekwe mji mzima." Nilitaka kumpa jibu refu, lakini nilimsikia alivyovuta pumzi kabla ya kuisema sentensi ile, nikampakulia chakula.

Jumanne, 22 Machi

Sikuwepo, ameniambia Kipkoech mwenyewe, tena kwa sauti ya chini sana.

Asubuhi wanaume walikuwa wanabishana tena, wengine wakisema wake wao wafundishwe adabu. Fundi Kasam akasimamisha magurudumu. Akafungua kitambaa chake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akavua na shati. Akawaita mmoja mmoja waweke sikio mgongoni mwake.

"Kipkoech," nikauliza, "ulisikia nini?"

"Kama mtu anakanyaga changarawe," akasema. "Mama Nekesa, huyo mzee hajifungi kitambaa kwa sababu ya harufu yetu. Hana pumzi ya kutosha ya kukaa ndani."

Basi kiti cha mlangoni ni kwa ajili ya hewa. Miezi yote nimemwita mwenye maringo. Na kweli aliwaambia, alikuwa amewaambia kila mwaka, wakamwona mzee mwoga aliyeshindwa na kazi. Omolo ndiye wa kwanza aliyechomoa kizibo. Wasike alikuwa wa mwisho, lakini alichomoa.

Jumatatu, 28 Machi

Akiki za leo hazina chawa. Nimezing'arisha moja baada ya nyingine, nyekundu safi mpaka ndani, na za Wasike ndizo nzuri kuliko zote. Hata kwa maji! Hata akikisia kisia! Nilimwonyesha. Aliligeuza jiwe kwenye mwanga muda mrefu, uso ukalainika, akasema, "Mstari umekwenda kidogo." Haukuwa umekwenda popote.

Bomba la karakana limefunguliwa. Nilipaswa kufurahi.

Jumamosi, 2 Aprili

Tulikwenda hospitali, akapigwa picha ya kifua. Daktari, Mhindi kijana, aliiinua dirishani. Sikuhitaji kusoma. Alisema vumbi lililokwisha kuingia halitoki, ila linaweza lisiongezeke, na mtu wa kifua hiki akikaa mbali na jiwe anaweza kuwaona wajukuu. Akikaa karibu nalo, hata kwa maji, hatauona mwaka mwingine.

Wasike alimwuliza kama anaweza kukata nusu siku. Nusu siku!

Jumatatu, 4 Aprili

Aliamka, akavaa, akachukua aproni yake. Nilitangulia. Nilifika karakana kabla yake, nikamwambia Bwana Hallam na Fundi Kasam maneno ya daktari, yote, mbele ya wanaume wote. Nikasema Wasike akikaa kwenye gurudumu, hakuna jiwe litakalong'arishwa Bondeni, likatwe kavu au kwa maji. Jepkorir na Anyango walikuwa wamesimama nyuma yangu.

Wasike alifika mlangoni akamkuta Fundi Kasam amekikalia kiti cha Wasike mbele ya gurudumu, asiache nafasi. Kisha Wasike akaikunja aproni, akaiweka juu ya sanduku, akatoka bila kunitazama.

Bwana Hallam alimpa mtu mwingine gurudumu lile kabla ya saa sita. Hata jiwe lililokuwa kwenye kijiti, ambalo Wasike alilianza Ijumaa, alipewa huyo mtu alimalizie. Mungu na amsamehe, mimi bado.

Alhamisi, 7 Aprili

Mvua. Imenyesha usiku kucha, na magadi yote yamelala chini. Wasike hajasema nami tangu Jumatatu.

Jumapili ya Pasaka, 10 Aprili

Baada ya ibada mchungaji aliniita kando. Amesikia kwamba nimemvua mume wangu heshima hadharani, na kwamba siku ya kufufuka kwa Bwana ni siku nzuri ya mwanamke kuomba radhi. Nilimwuliza kama amewahi kuweka sikio kwenye mgongo wa Wasike. Akasema hakuelewa. Nikamwacha aendelee kutoelewa.

Nilimkuta Wasike nyumbani, ameketi mlangoni, mikono juu ya magoti, mikono mizuri ile isiyo na kazi. Nikaweka chai kando yake. Ndipo aliposema neno lake la kwanza tangu Jumatatu.

"Ungeniacha nife nikiwa fundi."

Aliitoa sentensi nzima bila kusimama katikati kuvuta hewa. Sidhani yeye mwenyewe aliliona hilo.

"Ili nani afaidike?" nikamwuliza. "Bwana Hallam? Mgeni wa hotelini? Angevaa pete yako mahali pengine, hajui hata kama umezikwa."

"Wewe hujui mtu anakuwaje akinyang'anywa kazi yake."

"Sijui. Najua mtu anakuwaje akifunga viatu visivyo na kamba."

Alinitazama kwa chuki, chuki ya kweli, ya mtu mwenye nguvu za kuchukia. Kisha akasimama akaondoka kuelekea mlimani kwa kasi, mgongo umenyooka, akitaka nimwone anavyonikimbia. Nilimwona. Alifika juu bila kuinama hata mara moja. Sitaomba radhi. Akitaka kunichukia miaka yote iliyobaki na anichukie, pumzi ya kunichukia anayo, na nimeipigania mimi.